Fimbo Ndefu ya Kunio

Kamibora, Gujo
20 Januari 1980

Mpwa wangu Shigeki,

Pokea heri za mwaka mpya, ingawa zitakapokufikia mwaka utakuwa umeshachakaa kidogo. Huku tu wazima. Theluji imefika madirishani, na nimekatazwa kupanda juu ya paa kuikwangua, kwa kuwa nina miaka sabini na miwili na Fusa anasema hataki kuwa mjane kwa sababu ya koleo. Anakusalimu wewe na mkeo Lorna. Mochi, vile vikate vya mchele, za mwaka huu zilikuwa ngumu, na jino langu moja limebaki ndani ya mojawapo.

Sasa neno lenyewe. Kaka yako Kunio anaumwa bega. Si maumivu ya kupaka dawa yakaisha. Ni bega la mtu aliyeshika mwanzi wa kuvulia wa mita nane tangu alfajiri hadi jioni, kila msimu, kwa miaka thelathini. Daktari wa mjini amemwambia auache mto. Kunio alimjibu kwamba hajui kazi nyingine, na kweli haijui. Nyumba za wageni hununua ayu, samaki wake wadogo wa mtoni, kwa sababu huwaleta wazima na hawajachubuka. Akiukosa mto atakwenda kubeba saruji kwenye bwawa linalojengwa, kwa bega hilohilo.

Mjini Gifu zimeingia fimbo za kaboni. Niliishika moja dukani, ni nyepesi mpaka nilidhani nimekabidhiwa ala yake tu. Lakini bei yake ni ya mwenye duka, si ya mvuvi. Nawe unafanya kazi katika karakana inayotengeneza fimbo za kuvulia kwa kaboni hiyohiyo. Bila shaka umeshaona ninakoelekea.

Najua hamjaandikiana kwa miaka tisa. Najua hukuja kumzika baba yako, na najua habari ya karatasi zako za uhamiaji, ingawa Kunio hataki kuisikia. Ile fimbo fupi ya Kimarekani yenye gurudumu la mshipi, uliyoituma iwekwe mbele ya picha ya marehemu, kaka yako aliichomeka shambani ikaegemea mibilingani. Nawe ukamwandikia kwamba fimbo za baba yenu zilikuwa miti ya kuanikia nguo. Wazee husema ndugu wakigombana chukua jembe ukalime. Nimeufuata ushauri huo miaka yote hiyo, na sasa nimechoka kulima.

Mtengenezee kaka yako fimbo.

Mjomba wako,
Tamotsu


Oregon
17 Februari 1980

Mjomba mpendwa,

Nainamisha kichwa mbele yako na mbele ya mama Fusa. Pole kwa jino. Sisi hatujambo. Lorna amepata kazi katika maktaba ya mji na anarudi nyumbani akinong'ona hata jikoni. Hapa hakuna theluji, ni mvua tu, na mto umejaa mpaka kwenye mizizi ya misonobari.

Niliisoma barua yako nikiwa nimesimama, kisha nikakaa, kisha nikaisoma tena.

Nilikwenda kumwuliza msimamizi wetu, Orrin, kama naweza kutumia mashine baada ya kazi. Ni mtu mkubwa, mwenye mikono ya mkata magogo, mwema ila mdomo wake hauna mlango. Nilipomwambia urefu ninaoutaka aliniuliza kama huko kwetu tunavua samaki au tunaangusha matufaa. Nikamwambia hakuna gurudumu. Akauliza, samaki akikimbia mnamfanyaje, mnamwandikia barua?

Unapaswa kuwaelewa, Mjomba. Mtu wa hapa anataka fimbo inayomzidi kimo kidogo tu, ya kushika kwa mkono mmoja. Husimama ndani ya boti au majini hadi mapajani, akarusha chambo mbali, na gurudumu likamtolea mshipi. Samaki wao ni wakubwa, wa kupigana nao. Kwa hiyo wanaisifu fimbo kwa uti wake wa mgongo, kama mtu anavyomsifu ng'ombe wa kulimia. Dukani mnunuzi huikandamiza ncha darini aone itakataa kiasi gani kupinda. Kisha akimpata samaki, baada ya vita vyote hivyo, humpiga picha akamwachia. Orrin hajala samaki tangu utotoni. Anasema ana mifupa mingi.

Nina maswali mawili. La kwanza: niambie fimbo hiyo inatakiwa kufanya nini hasa, maana niliondoka kabla baba hajaniruhusu kuishika iliyo kamili. La pili: kaka anajua kwamba umeniandikia?

Shigeki


Kamibora
9 Machi 1980

Mpwa wangu,

Theluji inayeyuka na barabara imekuwa uji. Fusa amepanda vitunguu na vyote vimeoza. Tumshukuru Mungu wa vitunguu kwamba figili zimenusurika.

Nianze na swali la pili, kwa kuwa ni fupi. Hajui. Nitamwambia imetoka kwa mfanyabiashara wa Osaka.

Swali la kwanza ni refu, na unajua nilivyo. Mwambie Orrin hivi. Ayu hali minyoo wala wadudu. Hula ukungu wa kijani unaoota juu ya mawe, na kila ayu ana jiwe lake analolilinda kama mwenye shamba. Sisi hatumtegei chakula, tunamtegea hasira. Tunamfunga ayu mwingine aliye hai kwenye mshipi, ndoana ikining'inia nyuma ya mkia wake, tunamwongoza taratibu hadi kwenye jiwe la mwenzake. Mwenye jiwe anakuja mbio kumfukuza mgeni, naye ananaswa.

Sasa utaona kwa nini fimbo ni ndefu. Haturushi kitu, tunamwongoza mgeni huyo wa uongo. Mshipi ni mrefu kama fimbo yenyewe, basi, hauna pa kukunjwa, kwa hiyo gurudumu litakuwa kengele shingoni mwa paka. Jiwe ambalo fimbo haifiki ni jiwe la mtu mwingine. Na anaponaswa hatupigani naye. Tunawanyanyua wote wawili, wanaruka hewani, na tunawadaka kwa wavu unaochomekwa kiunoni. Mmarekani anataka fimbo inayopigana, mvuvi wetu anataka fimbo inayosikia. Kunio husema mwanzi mzuri humwambia kama samaki wa chambo amechoka, ameogopa, au amemwona mwenye jiwe.

Jambo moja la kuzingatia katika uzito. Mvuvi wa ayu anapohama kidimbwi haikunji fimbo yake, maana samaki wa chambo bado yuko kwenye mshipi na hapendi kufungwafungwa. Huisimamisha begani ikiwa imenyooka yote, akatembea nayo ukingoni kama mbeba bendera kwenye sherehe za hekalu. Kwa siku anatembea hivyo mara nyingi. Isilemee juu, basi. Kichwa kikilemea, bega ndilo linalolipa.

Msimu unafunguliwa Juni.

Mjomba wako,
Tamotsu


Oregon
11 Mei 1980

Mjomba,

Tumshukuru Mungu wa figili. Hapa tu wazima, Lorna anakusalimu na anauliza kama ni kweli ayu hunukia tikiti maji. Nimemwambia ni kweli.

Fimbo imeondoka jana kwa ndege.

Ya kwanza ilikuwa kama tambi. Ya pili ilikatika katikati tulipoinyanyua. Kitambaa cha kaboni huviringishwa kwenye chuma chembamba kisha hupikwa tanurini, na chuma cha hapa ni cha fimbo fupi, kwa hiyo ilibidi nitengeneze vipande vingi vinavyochomekana na kila kiungo ni ugonjwa wake. Orrin alianza kwa kunicheka. Kisha akaanza kukaa baada ya kazi akinishikia upande wa pili. Ilipokamilika tuliitoa uwanjani, kwa kuwa ndani haikuenea, na karakana nzima ilitoka kutazama. Walitundika kiatu nchani waone itapinda vipi. Orrin aliishika kwa muda mrefu, macho yamemtoka, halafu akasema haelewi inafanya nini lakini anasikia upepo ndani yake. Tumetengeneza pacha yake na tajiri ameitundika ukutani.

Viungo nimevifunga uzi mwekundu na kuupaka lakari ya kung'arisha, kama baba. Sikuweka jina.

Asipoitaka, usinieleze alivyosema. Niambie tu kwamba hakuitaka.

Shigeki


Kamibora
22 Juni 1980

Mpwa wangu,

Mpunga wetu umepandwa, vyura wanapiga kelele mpaka Fusa analala na pamba masikioni. Nakuandikia nikiwa na ayu sahanini, amechomwa kwa chumvi, kwa hiyo ukiona doa la mafuta kwenye karatasi hii ujue limetoka wapi.

Nilimwita Kunio nyumbani na kumwambia habari ya mfanyabiashara wa Osaka. Aliipokea fimbo, akaichomeka kipande kwa kipande, akaitoa nje kupitia mlango wa nyuma. Alipofika kwenye uzi mwekundu wa kiungo cha chini alisimama akautazama.

"Huyu mfanyabiashara wako," akasema, "anatumia mkono wa kushoto."

Nikamwambia wanaotumia kushoto ni wengi.

"Wengi, ndiyo. Lakini niliyemkong'ota nikimfundisha fundo hili ni mmoja."

Fusa alileta chai. Tuliinywa mpaka ikaisha. Nilisubiri aiegemeze ukutani aondoke. Aliikunja, akaitia kwenye ala, akaondoka nayo begani, lile bega bovu, bila kuaga.

Tangu msimu ufunguliwe anaivulia kila siku. Sumie mkewe anasema usiku hageukigeuki tena kitandani. Jana nilimkuta ukingoni nikamwuliza iko vipi. Akasema mwilini ni nzuri, ila ncha yake ina kiburi cha Kimarekani, inataka kuongea wakati inapaswa kusikiliza. Kisha akasema, na nakuandikia kama alivyosema: "Mwambie huyo wa Osaka nitamwandikia msimu ukiisha. Sasa hivi mikono yangu ina kazi."

Msimu huisha Oktoba. Kwa Kunio, ambaye sijawahi kumwona akiandika hata kadi ya mwaka mpya, hiyo si ahadi ndogo.

Mjomba wako,
Tamotsu


Oregon
13 Julai 1980

Mjomba,

Doa la mafuta nimeliona. Lorna amelinusa na kusema si tikiti maji ni tango, tumebishana jioni nzima.

Nimemtafsiria Orrin maneno ya kaka kuhusu ncha. Alikasirika kama aliyetukaniwa mtoto. Kisha akasema tutatengeneza ncha nyingine, laini zaidi, na kwamba huyo kaka yangu aache kuvua aje kutufundisha. Tumeshaanza.

Nimefikiri jambo, na nakuomba ulipime kabla ya kulifikisha kwake. Karatasi zangu sasa ziko sawa. Naweza kupata likizo Agosti. Ningependa kuja siku za Bon, marehemu watakaporudi nyumbani, nimpokee baba pamoja na kaka. Sihitaji barua. Akisema tu "aje," au hata akiulizwa asiseme "asije," nitapanda ndege. Ncha nitaileta mwenyewe.

Nasubiri neno lako.

Shigeki


Kamibora
9 Agosti 1980

Mpwa wangu,

Barua yako nimeipata. Joto ni kali na mahindi yamenyauka. Fusa anakusalimu.

Usije Bon hii. Nyumba ya Kunio haiwezi kupokea mgeni kwa sasa, na mimi siwezi kueleza zaidi. Kuhusu ncha, msijisumbue.

Niwie radhi kwa ufupi.

Tamotsu


Oregon
28 Agosti 1980

Mjomba,

Natumaini joto limepungua na mama Fusa hajambo.

Mtu aliyetumia kurasa tatu kunieleza jinsi samaki anavyolinda jiwe lake hawezi kuniandikia mistari michache bila sababu. Nyumba umeitaja, mwenye nyumba hukumsemea lolote. Nimejaribu kujieleza mwenyewe. Nadhani kaka amebadili mawazo. Labda mtu alimtania mtoni kwamba anavulia kitu cha Marekani, nawe unajua alivyo. Kama fimbo ameichomeka kwenye mibilingani, niambie tu. Nitaumia, lakini nimeshaumia hivyo hapo awali na nikapona.

Jumapili nilipiga simu nyumbani kwake. Shemeji Sumie aliipokea. Nilitaja jina langu. Nilimsikia akipumua, kisha akaiweka chini.

Niambie, Mjomba.

Shigeki


Kamibora
11 Septemba 1980

Shigeki,

Leo sianzi na habari za mashamba. Kaka yako Kunio amefariki. Alifariki asubuhi ya tarehe 24 Julai, mtoni, karibu na daraja la Kamibora. Jana ilikuwa siku ya arobaini na tisa, mwisho wa matanga, na majivu yake tumeyaweka kaburini, kando ya baba yenu.

Sumie alinikataza kukwambia kabla siku hizo hazijapita. Alisema: "Hakumzika baba yake. Na huyu asimzike." Nilimpa neno langu, kwa sababu siku ile hakukuwa na kingine cha kumpa.

Nitakueleza ilivyotokea kwa mpangilio, maana najua hutapumzika mpaka ujue, na kueleza ndiyo kazi pekee niliyowahi kuiweza.

Mvua ilikuwa imenyesha usiku na maji yalianza kutakata. Kunio alikuwa chini ya daraja na jirani yake Hachiro. Ayu hawakuwa na hasira siku hiyo, akaamua kuhamia kidimbwi cha juu. Alifanya kama alivyofanya maisha yake yote, kama alivyofanya baba yenu, kama anavyofanya kila mtu wa mto huu. Hakuikunja fimbo. Samaki wa chambo alimtia katika kopo la maji kiunoni, mshipi ukiwa bado umefungwa, akaisimamisha fimbo begani, akapanda njia ya ukingoni. Njia hiyo, unaikumbuka, hupita chini ya waya wa umeme uendao kwenye kiwanda cha mbao. Waya huo uko pale tangu mkiwa watoto. Mwanzi wa baba yenu uliugusa mara nyingi, na kilichotokea ni watu wa umeme kuja kumgombeza.

Mwanzi uliokauka na kupakwa lakari haupitishi umeme kirahisi. Kaboni huupitisha kama waya mwenyewe. Hili nimelijua Julai hii. Fundi wa umeme aliyekuja na polisi alinieleza, nami nikamwomba anieleze tena, kwa sababu mara ya kwanza sikutaka kuelewa. Alisema wala haikulazimu iguse. Kukaribia kulitosha, na mikono yake ilikuwa imelowa.

Hachiro alikuwa nyuma yake. Anasema alisikia mlio kama wa gogo linalopasuka motoni, akamwona Kunio amechuchumaa, akadhani anafunga kiatu. Akamtania. Akamwambia, "Babu, tukusubiri?" Kisha akaona moshi ukitoka kwenye viatu. Alipomfikia, samaki wa chambo alikuwa bado mzima ndani ya kopo, akivuta mshipi.

Nimefikiri sana, Shigeki. Huko kwenu hakuna aliyewaza habari ya waya, kwa kuwa fimbo ya Mmarekani haifiki kwenye waya. Huku kwetu hakuna aliyewaza, kwa kuwa fimbo yetu ilifika siku zote na haikumwua mtu. Kifo kilipita katikati, mahali ambapo hapakuwa na mlinzi. Nawaeleza watu hivyo. Wananisikiliza kwa heshima, kama wanavyomsikiliza mwalimu mstaafu, kisha wakifika barabarani wanasema fimbo ya Marekani imemwua Kunio. Polisi waliirudisha. Sumie hakutaka kuipokea, iko ghalani kwangu nyuma ya magunia.

Umeuliza kama aliichomeka kwenye mibilingani. Hapana. Aliivulia kila siku.

Umengoja barua yake. Alisema ataandika msimu ukiisha. Msimu ulikuwa haujaisha.

Tamotsu


Oregon
5 Oktoba 1980

Mjomba,

Barua yako ilifika Jumatano. Nakuandikia leo Jumapili kwa sababu kabla ya leo sikuweza.

Nilikwenda karakanani na kumtafsiria Orrin, pale penye tanuri. Alivua kofia. Hakufanya mzaha. Baadaye sana alisema, "Zetu hazifiki kule juu," akarudia, kama mtu anayejaribu ufunguo kwenye mlango usio wake. Tajiri alituita akauliza kama kuna fimbo ndefu nyingine iliyotoka hapa. Nikamwambia hakuna. Pacha iliyokuwa ukutani nimeiteremsha na kuikata kwa msumeno, na ncha laini pia. Nimeomba nihamishiwe kwenye kufungasha.

Umenieleza vizuri, Mjomba, kama kawaida yako. Kila ulichoandika ni kweli. Lakini usiku nakumbuka kwamba nilijua. Kila fundi wa hapa anajua kwamba vumbi la kaboni likiingia kwenye swichi huiunguza, ndiyo maana tunazifunika kwa plastiki. Nawe ulikuwa umeniandikia kwamba huisimamisha begani. Nilikuwa na vitu viwili mkononi na sikuviunganisha. Nilikuwa nawaza uzito tu.

Sitaki kujitetea mbele ya shemeji. Naomba kitu kimoja, kusimama mbele ya kaburi lake na mbele ya picha yake nyumbani. Siwezi kuja bila ruhusa yake. Muulize. Nitangoja hata kama ni muda mrefu.

Shigeki


Kamibora
3 Aprili 1981

Mpwa wangu Shigeki,

Umenivumilia majira yote ya baridi, na najua ulikuwa ukifungua sanduku la barua kila siku. Sisi ni wazima. Fusa alikohoa kuanzia Desemba hadi Februari, sasa anakohoa tu anapotaka nimletee kitu. Theluji imeisha na maji ya mto yamegeuka kijani.

Sikukuandikia kwa sababu sikuwa na jibu. Nilikwenda kwa Sumie mara nyingi. Alinipokea vizuri, akaniwekea mto wa kukalia karibu na moto, akanimiminia chai. Kila nilipotaja jina lako aliniuliza kama chai imepoa. Mwanamke huyu sasa anafanya kazi jikoni katika moja ya zile nyumba za wageni zilizonunua samaki wa mumewe. Anawachoma kwa chumvi samaki waliovuliwa na wengine. Sikuona kwamba nina haki ya kumharakisha.

Mwezi uliopita chama cha wavuvi kilitundika vibao vya njano kila mahali waya unapovuka mto. Vimeandikwa kwa herufi kubwa: teremsha fimbo. Siku ya kuvitundika Sumie alikwenda kutazama. Hachiro anasema alisimama chini ya kile cha darajani mpaka mafundi wakaondoka na ngazi zao. Kutoka hapo akaja moja kwa moja kwangu. Hakuingia ndani. Alisimama mlangoni na viatu vyenye matope.

Alisema uje. Agosti ni Bon ya kwanza ya Kunio, maana ile ya mwaka jana ilikuja kabla siku zake arobaini na tisa hazijatimia, siku atakayorudi nyumbani kwa mara ya kwanza akiwa marehemu, na ndugu yake wa damu ni wewe peke yako. Lakini aliweka sharti. Usilete kitu. Si keki, si matunda, si ua, si udi, wala bahasha ya rambirambi. Uingie kwake mikono mitupu.

Umekaa mbali miaka mingi, kwa hiyo nikukumbushe uzito wa jambo hilo. Hapa kijijini mtu haendi hata kuazima mundu kwa jirani bila kitu kilichofungwa kwenye kitambaa. Katika umri wangu wote sijamwona ndugu akiingia kwenye Bon ya kwanza bila chochote mkononi. Nyumba itakuwa imejaa watu wa mto, wote watakutazama mikono, na watasema. Nilimwambia Sumie kwamba anamtaka mtu afanye jambo zito la aibu mbele ya kijiji kizima.

Akanijibu, "Cha mwisho alicholeta kilitosha."

Kisha akainama na kuondoka.

Sikuona cha kumrekebisha katika maneno hayo, nami nimewarekebisha watu maisha yangu yote. Nakushauri ukubali. Kaa nalo wiki moja kabla ya kunijibu, lakini ukubali.

Basi la kutoka mjini hufika hapa alasiri. Nitakuwa kituoni mapema. Utashuka na begi lako la safari, hilo haliepukiki. Nikabidhi mimi palepale, na usinionee huruma kwa ajili ya umri wangu. Nitalibeba nyuma yako mpaka kwenye lango la Sumie, na hapo nitasimama nalo nje. Utapanda zile ngazi za mawe ukiwa umeiacha mikono ining'inie, wazi, waione wote.

Mjomba wako,
Tamotsu